Kidole Gumba cha Kumenyea Ndizi

Wadogo zangu mnaoingia karakana mwaka huu, mnaniona bado kijana, na ni kweli, mvi sina. Lakini muda wangu hapa umekwisha. Nakabidhi ufunguo wa kabati na lile jiliwa la kubania vyuma, la karibu na dirisha, na Baraka, mwenzangu wa meza moja, ameanza kuniita "mstaafu" mbele za watu. Basi niacheni nistaafu kwa heshima. Mstaafu wa kweli hukaa kwenye kiti akasimulia, na vijana hujifanya wanasikiliza.

Chuo kilinifundisha kuchomelea, kukereza na kusoma michoro ya mashine. Kubuni chombo cha nyumbani, kitu cha kushikwa na mama jikoni au mtoto uani, hakuna aliyenifundisha. Hilo nilijifundisha mwenyewe kwa video za kwenye simu, kwa kuharibu vyombo vya watu, na kwa wasiwasi. Msicheke. Wasiwasi ndio ulikuwa mwalimu wangu mkali kuliko wote. Mimi ni mtu ambaye nikifunga mlango wa chumba changu kule Lemara narudi kuusukuma, halafu nikifika barabarani najiuliza kama niliusukuma au niliwaza tu kuusukuma.

Mtu wa namna hiyo ukimpa msasa umempa ugonjwa. Nilikuwa na msasa wa kila namba. Kitu kikiisha nakipiga msasa, kikizidi kuisha nakipiga tena. Mwiko wangu wa kwanza ulianza ukiwa mwiko wa ugali ukaishia kijiko cha chai. Baraka aliuokota mezani, akauangalia, akasema, "Dada, bado siku mbili tu huu utakuwa kijiti cha meno."

Nawaambia haya ili mjue ninaposema nilishinda, nilimshinda nani.

Nina vitu vingi ningeweza kuwasimulia. Kuna kile kifuniko cha sufuria nilichokitoboa matundu ili kisirukeruke maharage yakichemka, matundu yakawa yanapiga mluzi mpaka mbwa wa jirani akahama uani. Kuna ile stuli yangu ya miguu minne. Stuli ile niliipima juu ya meza ya chuma hapa karakana, haikuyumba hata unywele. Nikaipeleka nyumbani, juu ya Makumira, nikaiweka kwenye jiko la kuni ambalo sakafu yake ni udongo uliokandamizwa na miguu ya watu tangu bibi akiwa bibi harusi. Baba mdogo, mzee wa kanisa, akaikalia na kikombe cha chai mkononi. Mguu mmoja ulikuwa hewani. Alipoegemea upande ule, alikwenda chini na chai yake, na akatamka neno ambalo hatujawahi kulisikia akilitamka kanisani.

Vigoda vya zamani vina miguu mitatu. Miguu mitatu hukaa popote, hata juu ya mawe. Wazee hawakuacha mguu wa nne kwa uhaba wa miti. Mkichukua hilo peke yake leo, mmepata faida. Meza ya karakana imenyooka, lakini nyumba za watu hazijanyooka.

Ila nilichokaa chini kuwaandikia ni kidole gumba cha mama.

Mama yangu anaitwa Mama Elinami, kwa sababu Elinami ni mimi na mimi ndiye wa kwanza. Kwetu, ukiwa na sherehe, iwe ubatizo, kipaimara au harusi, kazi ya kwanza ni ndizi. Mikungu inakatwa, inalazwa uani, na akina mama wanakaa duara kwenye vigoda, kila mmoja na mkungu wake na kisu chake, karai la maji katikati. Hapo ndipo habari zote za kijiji zinapopikwa kabla ya ndizi zenyewe. Nani kaposa, nani kauza shamba, mwinjilisti mpya anaimba vibaya kiasi gani. Asiyekuwa kwenye duara hilo hajui kitu. Anakuwa kama mgeni.

Mama alikuwa malkia wa duara. Alikuwa anachana ganda kwa ncha ya kisu, anaingiza kidole gumba chini yake, anang'oa, ndizi inaruka kwenye karai. Alimenya huku akisimulia, huku akicheka, huku akimkaripia mtoto aliyeko nyuma yake bila kugeuka. Aliyemkaribia ni Mama Zakaria peke yake, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji. Waliolewa mwaka mmoja, na wanapendana kwa namna ya watu wanaotaniana bila huruma.

Kisha kidole gumba kikaanza kuvimba kwenye kiungo. Mwanzoni asubuhi tu. Baadaye siku nzima. Hospitali walimpa dawa na ushauri, "Mama, pumzisha huu mkono." Kwenye ubatizo mmoja nikamwona anaweka kisu chini kabla hajafika nusu ya mkungu, anaukunja mkono ndani ya khanga usionekane. Mama Zakaria aliuvuta ule mkungu upande wake bila kusema neno. Huyo ni mwanamke ambaye hajawahi kukaa kimya maishani mwake. Kimya chake ndicho kilichomuumiza mama kuliko maneno.

Sherehe iliyofuata walimpa kazi ya kugawa vijiti vya meno.

Sasa kipaimara cha Joshua, mdogo wangu wa mwisho, kikawa kinakaribia. Kwenye kikao cha familia baba mdogo, kwa nia njema kabisa, akapendekeza mama akae meza kuu tangu asubuhi, apambwe, apumzike. Mama akasubiri mpaka amalize.

"Shemeji," akasema, "mwanangu wa mwisho anapata kipaimara. Migomba hiyo nimeipanda mimi. Ndizi hizo nimezipalilia mimi. Halafu siku ya kumenya nikae kwenye kiti cha plastiki chenye utepe, kama mgeni rasmi?"

Mimi nikajibu moyoni. Nikasema nitamtengenezea kidole gumba kingine.

Niliposhuka mjini nikaanza siku hiyo hiyo. Wazo lenyewe halikuwa gumu. Kisu hakimuumizi mama, kinachomuumiza ni kung'oa ganda. Kwa hiyo nikachora kifaa kidogo chenye jino pembeni la kuchana ganda, na ulimi bapa wa kuingia chini yake na kulinyanyua. Mkono unasukuma, gumba linapumzika.

Cha kwanza nilikitengeneza kwa kipande cha msumeno wa chuma uliokatika. Kilikata vizuri ajabu. Nikanunua chane moja ya ndizi mbichi soko la Kilombero, nikamenya, nikafurahi, nikaenda kunywa maji. Niliporudi ndizi zilikuwa na mistari myeusi kama zimechapwa viboko. Baraka akachungulia kwenye bakuli.

"Hizi ni za kipaimara au za msibani?"

Chuma cha kawaida na utomvu wa ndizi havipatani. Mimi ni mtoto wa migombani, nimekua nikiona visu vikiwa vyeusi, na bado sikuwaza. Nikahamia stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Kuikata ni kazi, kuinyoosha ni kazi, lakini haiachi alama. Andikeni hilo mahali.

Cha pili kilikuwa kama pete kubwa, unaingiza kidole, ulimi unatokea mbele. Vipimo nilivitoa kwenye mtandao, kwenye jedwali la mikono ya watu wazima wanawake. Sijui walipima mikono ya wanawake wa wapi, lakini hao wanawake hawajawahi kupalilia kahawa. Nilikipeleka nyumbani Jumapili. Mama akakiingiza kidoleni kwa nguvu kidogo, akasema, "Kizuri." Akajaribu kukitoa. Kikagoma.

"Elinami."

"Bee, mama."

"Hiki kinatokaje?"

Tulitumia sabuni. Tulitumia mafuta. Joshua alipendekeza msumeno, akafukuzwa. Mama alikaa na ile pete mpaka ibada ya pili ikaanza, na akakataa kwenda kanisani kwa sababu, alisema, watu wangedhani amechumbiwa na fundi bomba. Kilitoka tulipomlaza akiwa ameinua mkono juu ya kichwa mpaka uvimbe ukashuka. Alicheka mpaka akalia. Mimi nililia bila kucheka.

Hapo ndipo nikajifunza kupima mkono, na hii njia hamtaikuta kwenye video. Siku ya chapati nilimpa mama donge la unga uliokandwa, nikamwambia alishike kama anavyoshika kisu, bila kujikaza, halafu aliachie. Donge lilibaki na umbo la kiganja chake, na matuta ya viungo, na mahali anapokwepa maumivu bila yeye mwenyewe kujua. Nililikausha juani, nikalifunga kwenye gazeti, nikalibeba mpaka mjini kwenye mapaja kama mtoto mchanga. Kiganja cha mtu hakiko kwenye jedwali. Kiko kwenye unga.

Kutoka kwenye umbo lile nikachonga mpini. Nilitumia mti wa mbuni mzee wa kahawa uliong'olewa shambani kwetu, maana ni mgumu, mwepesi mkononi, na haupasuki ukilowa. Na hapa, wadogo zangu, ndipo ugonjwa wangu wa msasa uliponirudia. Niliupiga mpini ule msasa wa kwanza, wa pili, mpaka ule mwembamba unaofanana na karatasi ya barua. Nikaupaka vanishi. Ukikauka, naupiga tena. Ulikuwa unang'aa mpaka ningeweza kuchana nywele kwa kujitazama humo. Nilinawa mikono kwa sabuni kila kabla ya kuushika. Nikaujaribu kwenye ndizi za mjini, mikono yangu ikiwa misafi na mikavu, ukafanya kazi kama ndoto.

Baraka alikuwa anasaga kitu pembeni. Akazima mashine.

"Oya, Elinami, hicho kitu kiliisha juzi."

"Bado."

"Bado nini?"

"Sijui. Ndiyo maana naendelea."

Kilipofika nyumbani, mama alikiangalia kwa muda mrefu, akasema hajawahi kumiliki kitu kizuri hivyo. Akaamua kukizindua kwenye ndizi za umoja wa akina mama, sherehe ndogo tu ya kumkaribisha mwinjilisti. Mimi nilikaa nyuma na simu yangu tayari kupiga picha.

Mama alikaa. Akavuta mkungu. Kisha akafanya kitu ambacho kila mwanamke wa Umeru hufanya kabla hajagusa ndizi mbichi, kitu ambacho mimi mwenyewe nimekifanya tangu nikiwa bado nakatazwa kushika kisu. Alimimina mafuta ya kupikia kwenye kiganja, akayapaka mikono yote miwili mpaka kwenye vifundo, utomvu usigande.

Nilitaka kupiga kelele, lakini nilikuwa nimechelewa. Alishika mpini wangu wa vanishi kwa mikono ya mafuta, akasukuma mara moja, na kifaa kikamtoka kama kambale. Kilipita juu ya karai, kikampiga Mama Zakaria kwenye goti.

Duara zima lililipuka kwa kicheko. Mama Zakaria alikiokota, akakigeuzageuza.

"Mama Elinami, mtoto umemsomesha atengeneze kisu cha ndizi au atengeneze manati?"

Mama naye alicheka. Alicheka vizuri, kwa sauti. Halafu akafuta mikono, akainuka, akasema anaenda kuangalia maji ya chai. Hakurudi kwenye duara.

Nataka mjue nilivyokuwa siku zile. Sikuwa nakula. Nilikuwa nimelaza kichwa kwenye meza ya karakana, najiambia kwamba mtu anayesahau mafuta ya mikono hana haki ya kuitwa mbunifu hata wa sahani ya kulia mbwa. Nilitaka kumwambia mama akae meza kuu. Hata ujumbe niliuandika kwenye simu, nikaufuta, nikauandika tena kwa maneno mazuri zaidi. Hata tamaa nilitaka niikate vizuri.

Aliyeniokoa ni katambuga.

Nilikuwa nimevaa katambuga, zile ndara za matairi, na kamba ya mguu wa kushoto ikakatika nikiwa mtaani Levolosi. Nikaburuta mguu mpaka kwa fundi aliyekaa kando ya barabara na rundo lake la matairi. Akaanza kupigilia kamba mpya. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo, mguu mtupu, nikitazama kile kiatu. Mvua ilikuwa imenyesha, mguu ulikuwa na tope, tope linateleza kuliko mafuta, na bado kiatu cha pili kilikuwa kimetulia mguuni. Kwa nini? Kwa sababu kiatu sikishikilii. Nimekivaa.

"Fundi," nikamwambia, "unaweza kunifungia kamba kama hiyo kwenye mkono?"

Akanyanyua macho. "Mkono?"

"Mkono. Juu hapa, mgongoni mwa kiganja."

"Dada, sasa mkono nao utatembea?"

"Utafanya kazi."

"Basi ukianza kutembea kwa mikono, ulete na mwenzake. Mimi siuzi kiatu kimoja." Lakini alikuwa ameshashika kisu, anapima kamba kwenye kiganja changu kwa macho.

Nilikimbia karakana nikiwa na vipande vya tairi mfukoni. Nikalichukua lile donge la unga, nikalishika, nikapitisha kamba juu ya mgongo wa kiganja, nikaweka alama. Kwanza nikatengeneza kwa boksi. Msione aibu ya boksi. Ukikosea kwenye boksi umepoteza boksi, ukikosea kwenye stenlesi umepoteza siku. Kisha nikachukua msasa ule mbaya kabisa, wa kukwaruza kutu, nikaondoa vanishi yote. Moyo uliniuma kama nakata nywele za mtoto wa mtu. Mpini ukabaki mkavu, wenye vinyweleo vya mti, sura ya kitu kilichookotwa. Nikapigilia kamba kwa misumari midogo ya shaba.

Safari hii sikunawa kwa sabuni. Nilimimina mafuta. Nilimpa Baraka naye akamimina. Tukamenya ndizi mpaka mkuu wa karakana akauliza nani anakaanga nini. Kifaa hakikutoka. Unafungua kiganja kabisa, vidole vyote vimenyooka, hushiki kitu, na bado kipo, kinakungoja. Mkono unaouma hauna haja ya kubana. Nilikaa chini sakafuni.

"Kimeisha?" Baraka akauliza.

"Ile kamba upande wa kulia imekaa juu kidogo."

"Elinami!"

"Haya. Nitakipeleka hivi hivi."

Kukipeleka hivi hivi lilikuwa jambo gumu kuliko kukitengeneza. Nakiri mbele yenu. Njia nzima nilikuwa nakitoa kwenye mfuko na kukirudisha.

Siku ya kumenya, kesho yake ikiwa kipaimara, Mlima Meru ulikuwa wazi tangu alfajiri na uani kwetu mikungu ilikuwa imelazwa kama wageni waliofika mapema. Akina mama walishaanza kukaa. Kiti cha plastiki chenye utepe kilikuwa kimewekwa barazani, baba mdogo alikuwa hajakata tamaa. Mama alitoka ndani amejifunga khanga mbili, akakipita kile kiti kana kwamba ni kuku, akavuta kigoda, akakaa mahali pake pa zamani, kando ya Mama Zakaria.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina," wakaitikia, wakitazamana.

Alimimina mafuta. Alipaka mpaka vifundoni. Kisha akaingiza mkono kwenye kamba, akaukunjua na kuukunja mara kadhaa.

Mama Zakaria ndiye aliyeanza. "Mama Elinami, huo mkono umeuvalisha katambuga?"

"Nimeuvalisha. Leo unakwenda mbali."

"Nisogee? Goti langu halijapona tangu siku ile."

"Kaa hapo hapo. Leo hakiruki."

Mama alichukua ndizi ya kwanza. Jino likachana. Ulimi ukaingia chini ya ganda, akasukuma kwa kiganja, ganda likanyanyuka kipande kizima na kuanguka. Upande wa pili. Wa tatu. Ndizi ikaingia kwenye karai, nyeupe, bila doa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mgomba nikichungulia. Alichukua ya pili. Alikuwa taratibu, anakijua kifaa, kama mtu anayempima ng'ombe mgeni kabla ya kumkamua. Kwenye chane ya pili mkono ulipata mwendo wake. Kwenye chane ya tatu nilimsikia anasimulia habari fulani, kuhusu mwinjilisti, na hapo nikajua, maana mama alikuwa hasimulii kitu akiwa na maumivu. Maganda yalikuwa yanaruka. Mtu mmoja akapiga kigelegele, wengine wakaitikia, na pale uani pakawa kama harusini.

Ilikuwa saa ya kufurahi, na mimi, mgonjwa, nikaona msumari. Msumari mmoja wa shaba, upande wa kulia, ulikuwa umeinuka kichwa. Kidogo tu. Na mpini ulikuwa umenyonya utomvu, umeanza kuwa mweusi pembeni. Vidole vilianza kuniwasha. Nikajipenyeza mpaka mgongoni kwake, nikainama.

"Mama, nipe kidogo. Kuna msumari nataka niugonge."

Hakugeuka. "Huo msumari umenichoma?"

"Hapana, ila umeinuka."

"Kinaanguka?"

"Hakianguki, lakini sikumaliza vizuri, mama. Na huo weusi. Nikirudi nacho mjini kwa wiki moja tu..."

Mama aliweka ndizi kwenye karai. Sasa akageuka, akaniangalia kutoka chini, uso umejaa jasho na raha.

"Elinami. Unaninyang'anya kidole katikati ya mkungu?"

Wanawake wakacheka.

"Wewe umemaliza. Sasa ni changu. Kikichakaa kimechakaa mkononi mwangu. Chukua kisu, vuta kigoda, ukae umenye. Shule imetosha."

Mtu akanipa kisu. Mtu mwingine akanimiminia mafuta mikononi bila kuniuliza. Nikakaa. Nawaambia ukweli, nilimenya vibaya, nilikuwa wa mwisho, vipande vyangu vilikuwa na maganda kama ndevu, na hakuna siku nimekuwa na furaha kama ile. Kila ganda lililoruka kutoka kwa mama lilikuwa linaruka kutoka kwangu. Na ule msumari? Niliuangalia mpaka nikaacha kuuangalia.

Sasa kuna desturi moja ya duara. Mtu akimaliza mkungu wake, hainuki akaenda. Anasogeza kigoda kwa jirani anayesuasua na kuchukua chane moja kutoka kwenye mkungu wake. Kwa mdomo ni msaada. Kwa roho ni kofi. Mama alitupa kikonyo cha mkungu wake kwenye lundo, kitupu kabisa, akajinyoosha mgongo. Kisha akasogeza kigoda chake, polepole ili kila mtu aone, mpaka kikagusana na cha Mama Zakaria, ambaye alikuwa amebakiza chane mbili.

"Lete nikusaidie, mwenzangu. Nakuona umechoka."

Uani pakalipuka. Wengine walipiga makofi, mmoja alisimama kabisa akacheza. Niliona mama amenyanyua kidevu, na shingo yake ilikuwa ndefu kama zamani. Tulingoja Mama Zakaria arudishe kijembe, kwa sababu hajawahi kushindwa kurudisha.

Hakurudisha. Alivuta karai katikati yao ili mama afikie vizuri. Akamwachia chane. Wakamenya wawili kwa muda, kelele zikapungua, watu wakarudi kwenye habari zao. Ni mimi tu niliyekuwa karibu vya kutosha kumsikia alipoinamisha kichwa na kusema, macho yakiwa kwenye ndizi:

"Na mimi kidole kimeanza. Tangu mvua za masika. Usimwambie mtu."

Mama alichana ganda, akalinyanyua, akaitia ndizi kwenye maji. Kisha akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayoitumia kuomba chumvi.

"Elinami, hebu sogea huku na kigoda chako. Kaa hapa kati, uutazame mkono wa mama yako mwingine."